Nilivyomaliza mfarishi wa viraka katikati ya masika

Kuanzia Januari mpaka masika yaanze, ndani kwetu Tabata hakushoneki. Bati linachemka mchana kutwa, jasho linadondokea kitambaa, uzi unanatana vidoleni. Kwa hiyo mwezi Machi, wingu zito la kwanza lilipotanda na upepo wa ubaridi kuanza kupita dirishani, mtaa mzima ulitoa ndoo na mapipa kukinga maji. Nami nikatoa ya kwangu, kisha nikavuta kiroba cha mabaki ya vitambaa kilichokuwa chini ya kitanda.

Kiroba hicho nilipewa na fundi wa barabarani kwetu. Mafundi wa Dar wanakata vitenge vya sare za harusi, za kipaimara na za misiba kila wiki, na chini ya meza zao kunabaki vipande vizuri sana ambavyo huishia kuchomwa moto. Nilimwambia, "Kaka, hayo mabaki usiyachome, niwekee mimi." Akacheka, akasema, "Chukua yote dada, unanipunguzia takataka." Tangu hapo ananikusanyia.

Nilichotaka ni mfarishi, yaani shuka nene la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, wa kitanda cha binti yangu, kile cha tatu na nusu kwa sita. Watu huniuliza wa nini shuka zito la viraka katika mji wa joto namna hii. Lakini Dar ina usiku wake wa baridi. Mvua ikimwagika alfajiri mtoto anajikunyata, na Juni hadi Agosti kipupwe kikiingia, shuka moja halitoshi. Ukimpa blanketi zito, anatoka jasho mpaka analipiga teke. Mfarishi wa pamba tupu unakaa vizuri kati ya hayo mawili.

Godoro hilo lina inchi 42 kwa 72. Nilitaka inchi 6 zining'inie kila ubavu na 12 za kukunja kichwani, nikapata 54 kwa 84. Viraka ambavyo vikishashonwa ni inchi 6 kwa 6 vinaingia humo bila kubaki kitu: 9 kwa upana, 14 kwa urefu, jumla 126. Kila kimoja nilikikata inchi 6 na nusu, maana robo inchi huliwa na mshono kila upande. Kiolezo nilikikata kwenye boksi gumu, nikawa nakilaza juu ya kitambaa na kuzungushia chaki ya fundi. Hapa mimi ni mkali hata kwa wanangu wanaponisaidia. Mabaki yana sura za kila aina, na kiraka kikipungua kidogo tu, mstari mzima unavutika.

Kabla ya mkasi, maji. Kitenge kipya kina gundi, pamba ambayo haijafuliwa hunywea baadaye na kuharibu mshono, na khanga nyekundu au nyeusi huchuja rangi. Maji ya mvua ndiyo yaliyonipa moyo wa kufua kiroba kizima. Nani wa hapa amesahau mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua kina, tukawa tunaishi kwa mgao na kupanga madumu? Wakati ule nisingethubutu kusuuza vitambaa mara ya pili. Safari hii mapipa yalijaa mpaka yakamwagika, na nilisuuza nilivyotaka. Vipande nilivitia ndani ya foronya, nikafunga mdomo wake, ndipo nikafua. Vikiachwa huru kwenye beseni, nyuzi za kingo zinafumuka na kusokotana, na unatoa fungu moja lisilofunguka. Vyekundu nilivifua peke yake hadi maji yakatoka meupe.

Muda wa kushona nimeshaacha kuungoja. Ninachofanya ni kuigawa kazi ifuate aina ya muda nilioupata. Natoka kazini Posta jioni, na siku ya mvua foleni ya Buguruni inanifikisha nyumbani watoto wamekwisha kula. Usiku huo sina kichwa cha kupima kitu, lakini kuchagua vipande vya giza na vya mwanga na kuviweka mafungu mawili naweza hata nikiwa nasikiliza habari. Kupima na kukata ni kazi ya Jumamosi asubuhi, kwenye mwanga wa mlangoni. Kushona kwa cherehani nafanya maharage yakiwa jikoni. Pasi inangoja siku umeme upo. Ukikatika, nafungua mshono kwa kidole na kuukandamiza kwa mgongo wa kijiko, unalala vya kutosha kuendelea.

Katika hili naishukuru sana cherehani yangu, Butterfly nyeusi ya mguu. Mvua za masika na kukatika kwa umeme ni ndugu, na cherehani ya mguu haijali. Ila unyevu una mambo yake. Mkanda wa ngozi ulilegea, gurudumu likawa linazunguka bila nguvu. Nikaukata kipande kidogo na kuuunga tena kwa kibanio chake, ukakaza. Sindano nazihifadhi kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya cherehani kidogo, la sivyo zinaota kutu na kuchafua vitambaa vyeupe. Kwa vitenge na khanga natumia sindano namba 14.

Viraka naviunganisha viwili viwili mfululizo, sikati uzi kati ya jozi na jozi. Naingiza jozi moja, ikitoka naingiza nyingine, zinateremka nyuma ya cherehani zimeshikana kwenye uzi mmoja kama bendera za sherehe. Uzi haupotei, na mtoto akiita naachia hapo hapo. Nikirudi sina haja ya kutafuta nilikofikia.

Kupanga rangi nilimwachia mwenye kitanda. Alitandaza viraka vyote sebuleni siku shule imefungwa, akaweka sheria kwamba vitenge vinavyofanana visikae jirani, na akaisimamia kuliko ambavyo ningeisimamia mimi. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kochi anatazama. Akanyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kitenge cha zamani cha Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichoanza 1968 kwa msaada wa China. Rangi yake ya machungwa imepauka lakini pamba bado ina uzito mkononi.

"Nilikivaa kabla mumeo hajazaliwa," akasema. "Kata, mwanangu, kisije kikaliwa na mende."

Nilisita, nikamwuliza, "Mama, una hakika?" Akanijibu kwamba sandukuni hakimwoni mtu. Nilipata humo viraka vya kutosha kuweka kimoja katika kila mstari, na binti yangu anavijua vyote vilipo.

Mgongo wa mfarishi, yaani tabaka la chini, ni doti moja ya khanga, na hili nawasihi mnaotaka kujaribu mlipime wenyewe. Khanga nyingi zina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Zitenganishe kwanza kama za kuvaa. Kisha ziunge mbili kwa ubavu ulio mrefu, na utapata kitambaa kinachotosha kitanda cha tatu na nusu kwa sita kwa mshono mmoja tu wa katikati. Katikati ya matabaka nilitia shuka la pamba zito la mtumba. Sufi sikuitia. Ni nzuri sana kwenye mito, lakini ndani ya mfarishi inahamia pembeni na kufanya mabonge.

Nilitandaza khanga sakafuni juu chini, juu yake shuka, juu yake viraka, nikapiga bandi kubwa kubwa za kushikilia kuanzia katikati kwenda nje ili mikunjo ikimbilie kingoni. Halafu ikaja kazi niliyoipenda kuliko zote: kushona kwa mkono tabaka zote tatu, robo inchi pembeni ya kila mshono. Hiyo ni kazi ya mvua. Aprili, ambao ndio mwezi wake mkubwa hapa kwetu, barabara ya Jangwani ikifungwa kwa maji, mume wangu anachelewa, wageni hawaji, na mimi na mama tunakaa barazani kila mmoja na ncha yake. Najua mvua hiyo hiyo inawatoa watu majumbani kwenye bonde la Msimbazi, na tunawaombea. Kwetu huku juu iliteremsha joto, ikajaza mapipa, ikatupa jioni ndefu za kukaa pamoja. Mama anashona bandi ndogo zilizonyooka kunishinda, na katika kushona huko alinisimulia mambo ya ujana wake Kariakoo ambayo nisingeyasikia kwa kumwuliza.

Kingo nilizifunga kwa mikanda ya kitenge ya inchi 2 na nusu iliyokunjwa mara mbili. Mfarishi wa kipimo hiki unakula mikanda saba iliyokatwa kwa upana wa kitenge.

Kukausha ndiko kunakotaka akili masika. Mfarishi ukikaa na unyevu unatoa harufu ya ukungu, na kuiondoa ni shida. Niliufua asubuhi jua lilipochomoza kati ya mvua mbili, nikauanika barazani kwenye kamba mbili sambamba ili upepo upite katikati, nikawa naugeuza. Ulikauka siku ya pili.

Sasa wifi yangu anataka wa kitanda cha tano kwa sita. Nimempigia hesabu: viraka 168, na mgongo wake doti moja haitoshi, inahitajika khanga ya tatu ya kuongezea upana. Doti amekwisha kununua Kariakoo. Fundi naye amenitumia ujumbe kwamba kiroba kingine kimejaa.