Vitunguu pori kwenye veranda, South B, Nairobi: wiki ya 17

Miche 11 imesalia. Nilianza na mbegu 40.

Kwa wageni: huyu ni Allium cernuum, kitunguu pori cha Amerika Kaskazini. Hilo cernuum ni Kilatini, maana yake aliyeinamisha kichwa, kwa sababu bua hujipinda karibu na ncha na maua ya waridi yakaning'inia. Mbegu zikianza kukomaa, vikonyo hunyooka tena. Kwa ajili ya kioja hicho nilihangaikia kibali cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea Kenya, eti cha kipakiti kimoja cha mbegu!

Kwao hukipati mahali pamoja. Kimeenea kuanzia Kanada hadi milima ya Meksiko, kwenye mbuga za nyasi, miteremko yenye mawe na misitu isiyosongamana. Mbegu zake zimezoea kulala chini ya theluji kabla ya kuota. Baridi yetu ya Julai, hii ya kutuvalisha masweta mawili, kwao ni mchezo. Basi zikalala kwenye friji wiki 6, ndani ya tishu yenye unyevu, nyuma ya maziwa. Wiki ya nne stima ikapotea siku mbili, nikakimbiza kopo kwa jirani mwenye jenereta. Lilirudi limeandikwa kwa kalamu: USILE.

Kosa langu lilikuwa udongo. Chungu cha kwanza nilijaza ule mweusi wa hapa mtaani, unaonata kama ugali mbichi mvua ikinyesha. Mbegu 14 kati ya 20 ziliota, zote zikaoza shingoni. Cha pili nilichanganya mchanga wa mto, kokoto ndogo na mboji kidogo. Hawa 11 ni wa huko.

Jumapili kaka yangu alileta tunguu alilochimba Ngong. "Si ni hiki hiki, tena cha bure?" Nikaponda jani, nikamwambia anuse yeye, maana vidole vyangu vilishanuka kitunguu. Hakuna harufu. Tukalitupa. Huko Marekani pia kuna mmea wa sumu unaofanana na kitunguu pori na kuota sehemu zilezile. Wachumaji huutambua kwa kukosa harufu.

Maua mwaka huu tusahau. Jana nilikata jani moja, nikalitia kwenye mayai. Kali kuliko nilivyodhani. Miche bado ni 11, ila mmoja una kipara.