Babu wa watu nilimfanya mlanguzi

Niliwahi kupewa kazi ya kutafsiri kumbukumbu za mzee mmoja wa Kiingereza. Mjukuu wake alitaka ndugu wa upande wa mama yake, Waswahili wasiojua Kiingereza, wazisome. Nikafika mahali mzee anasimulia usiku vita vilipokwisha: mtaa mzima, anasema, ulikuwa "mafficking" hadi alfajiri. Nikajiambia hilo ni kosa la chapa, mwanzo wa neno tu umekosewa, alikusudia "trafficking". Nikaandika kwamba watu walikesha wakifanya biashara ya magendo.

Dada wa watu akanipigia. "Kaka, babu yangu alikuwa anacheza na majirani. Ulanguzi umetoka wapi?"

Nikafungua kamusi kubwa, kwa aibu. Neno lipo. Kitenzi "maffick" ni kushangilia hadharani kwa makelele yasiyo na breki, kama mashabiki wa Simba au Yanga usiku wa ubingwa. Siku hizi halitumiki sana, na asili yake ni mji wa Mafeking, Afrika Kusini. Makaburu waliuzingira siku 217, kuanzia Oktoba 1899, Waingereza wakiwa ndani chini ya Baden-Powell. (Huyuhuyu wa skauti, aliyezikwa Nyeri. Nilivaa skafu yake miaka minne na hakuna aliyenidokezea habari ya kitenzi.) Mji ulikombolewa tarehe 17 Mei 1900. Habari zilipofika London usiku wa kesho yake, watu walimiminika barabarani kwa nyimbo na vifijo. Magazeti yakafanya utani: jina la mji si linaishia na -ing, kama "singing" na "dancing"? Basi wakaukata mkia, wakabaki na kitenzi.

Ila ule haukuwa mkia wa Kiingereza. Kwa Kitswana lefika ni mwamba, mafika ni miamba, na ile -ng ya mwisho ni ndugu wa -ni yetu ya mahali. Mafikeng, ambao leo unaandikwa Mahikeng, ni Miambani. Au tuseme Maweni, ingawa kwetu Tanga ukitaja Maweni watu wanafikiria gereza. Kwa hiyo walichobaki nacho mkononi baada ya kukata ni mawe matupu, na ndiyo wakayafanya furaha.

Furaha yenyewe ilikuwa ya London. Ndani ya mji, Waafrika ndio walioumia zaidi kwa njaa, maana mgao wa chakula haukuwa sawa, na Barolong, Watswana wa hapo, walikuwa wameshika bunduki kuulinda mji huo huo. Tunayajua mengi kwa sababu alikuwepo kijana wa miaka 23, Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama, aliyekuwa akiandika shajara mizinga ikilia. Shajara ilichapishwa mwaka 1973, yeye akiwa amefariki tangu 1932. Baadaye maishani alimtafsiri Shakespeare kwa Kitswana. Mtu wa kazi yangu, na sidhani yeye angekimbilia kusema kosa la chapa.

Nilirekebisha sentensi ile ikawa: "Usiku kucha mtaa ulikuwa hoihoi." Nikamtumia dada pamoja na kisa chote cha Miambani na Maweni, bila kudai senti.

Akajibu: "Ahsante kaka. Naona babu ameachiwa."