Siku moja na sonara wa pete za vigae, Lamu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua karakana, kabla Usita wa Mui, njia kuu ya mji, haujajaa punda na mikokoteni. Huu ndio wakati wa kuyeyusha, kwa sababu jua likishapanda chumba hiki hakikaliki. Naweka vipande vya fedha kwenye chungu, nanyunyiza unga wa boraksi, nawasha tochi ya gesi. Fedha tupu huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, lakini ni laini mno, na pete yake hupinda kidoleni. Yangu ni 925: katika kila gramu 1000, gramu 925 ni fedha, zilizobaki ni shaba. Nambari hiyo naigonga ndani ya kila pete, na maana yake nimeiandika ukutani. Mteja ana haki ya kujua anachokivaa.

Saa mbili, chai na mahamri kwa mbaazi. Kisha kigae.

Hapa ndipo penye kazi. Kipande cha sahani iliyovunjika nakisugua kwenye jiwe lenye maji hadi kipate umbo la yai. Kikavu hakisuguliwi, vumbi lake huharibu mapafu. Nakata utepe mwembamba wa fedha, nauzungusha kigae nikipima, nautoa, naulehemu kwenye kitako cha pete. Kigae hurudi mwisho kabisa, nikaukunja ukingo juu yake kidogo kidogo, maana nyundo ikizidi, ua la buluu linapasuka katikati.

Saa nne anaingia dada kutoka Nairobi. "Fundi, hiki ni cha kale? Nimesikia ni vya Wachina wa zamani." Swali hili nalipenda. Namwambia: dadangu, ni kweli vyombo vya kauri vya China vilifika visiwa hivi karne nyingi zilizopita, na vigae vyake vimefukuliwa Shanga, kule Pate. Lakini hiki nilipewa na jirani sahani yake ilipovunjika. Vya magofu hatuviokoti. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda kila chombo kilichotengenezwa Kenya au kuletwa kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Alikinunua hicho hicho cha jirani, akataka nimsimulie sahani ilikuwaje.

Saa tano, mwenye duka la wageni kutoka Shela. Anataka pete nyingi, ila kila moja iwe na kadi ya kusema kigae kimetoka kwenye jahazi lililozama. Nimekataa. Pesa zake ningezifurahia, mwezi huu wageni ni wachache. Lakini mtu akivaa pete yangu nchi za mbali akaulizwa, jibu lake ndilo jina langu. Nimempa kadi yangu: fedha 925, kigae cha sahani ya nyumbani, umri haujulikani, imetengenezwa Lamu. Amesema atafikiri.

Adhuhuri, chakula, usingizi mfupi.

Saa tisa na nusu anafika bibi mmoja kutoka Pate, riale, sarafu ya zamani ya fedha, imefungwa kwenye ncha ya leso. "Mwanangu, niyeyushie hii nimfanyie mjukuu kikuku." Ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye mwaka 1780. Naiweka kwenye mizani: gramu 28. "Bibi," namwambia, "fedha yake ni sehemu 833 kwa 1000, chini ya ninayotumia mimi, na moja haitoshi kikuku. Na huo 1780 usikudanganye, ziliendelea kupigwa na mwaka ule ule miaka mingi baadaye." Masonara wa pwani na wa Oman waliyeyusha riale hizi kwa vizazi, na mimi sioni aibu kufanya hivyo. Hii, hata hivyo, uso wa malkia bado uko wazi. Tumekubaliana niizungushie ukingo iwe kidani, bila kuitoboa.

Saa kumi na moja anakuja mwana wa kakangu na simu yake, ndiye anayepiga picha na kuuza mtandaoni. "Ami, hiki kidani cha kigae niandike kazi ya mkono mia kwa mia?" Hapana. Ukingo na kitako ndiyo, nimevipiga na kuvilehemu mwenyewe, lakini kung'arisha natumia mota, na mkufu wake nimeununua umeshatengenezwa kiwandani. Yeye huona maelezo marefu yanamchosha msomaji. Mimi naona mnunuzi aliye mbali, asiyeweza kukishika kidani mkononi, hana kingine cha kutegemea. Basi tunaandika pamoja, yeye akifupisha, mimi nikirudisha alichofuta:

"Kidani cha fedha 925 na kigae cha kauri. Ukingo na kitako vimetengenezwa kwa mkono Lamu, vimeng'arishwa kwa mota. Mkufu ni wa kiwandani, nao ni fedha 925. Fedha huingia weusi kwa salfa ya hewani. Futa kwa kitambaa laini cha pamba. Bei ni uzito wa fedha pamoja na ujira wa siku moja na nusu."

Picha tatu, moja ya mgongo wa kidani panapoonekana lehemu. Amezituma kabla ya magharibi.