Picha za Costa Chica
Nilikuwa natazama picha za Tony Gleaton kwenye simu, mama akachungulia: "Hao ni wa Lindi au Mtwara?" Nikamwambia ni Wameksiko wenye asili ya Afrika, wa pwani ya Costa Chica, kule Guerrero na Oaxaca. Hakuamini kabisa!

Gleaton, Mmarekani mweusi, alianza kuwapiga picha miaka ya 1980, nyingi za rangi nyeusi na nyeupe, nyuso zikikukazia macho. Nzuri mno, ila kwangu zimetulia kupita kiasi. Natamani vurugu za sokoni, na ile ngoma yao ya vinyago iitwayo ngoma ya mashetani. Sensa ya Meksiko ilianza kuwahesabu kama watu wenye asili ya Afrika 2020 tu. Waliojitambulisha hivyo nchi nzima wakapita milioni 2.5. Anayewajua wapiga picha wazawa wa huko anitajie.