Sava ya wateja si karakana

Katika kampuni nyingi ndogo za programu hapa Kampala, siku ya kutoa toleo jipya huenda hivi: mtu mmoja, aghalabu yuleyule kila wiki, anaingia kwenye sava (kompyuta inayohudumia wateja) kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali, anaandika `git pull` ili kuvuta msimbo mpya, kisha `npm install` ili kuweka maktaba, anawasha huduma upya na kusubiri simu za wateja. GitLab, huduma ya kuhifadhi na kujaribu msimbo, ipo, majaribio yapo, hata alama ya kijani ya kuonyesha kwamba yamepita ipo. Tatizo ni kwamba kilichopata alama ya kijani sicho kinachokwenda kwa mteja, maana programu imejengwa upya palepale kwenye sava. Faili ya `package-lock.json`, inayotaja matoleo kamili ya maktaba, ikikosekana au ikipishana na `package.json`, orodha ya maktaba zinazohitajika, `npm install` huchagua matoleo mengine ya maktaba kimyakimya. Amri ya `npm ci`, inayofuata `package-lock.json` tu, hukataa na kusimama, na kusimama huko ndiko tunakokutaka.

Hasara ya kazi ya mkono inajulikana. Mwaka 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye sava 7 kati ya 8, moja ikasahaulika. Soko la hisa lilipofunguliwa tarehe 1 Agosti, sava ile ikaamsha msimbo wa zamani uliokuwa umelala, na kwa dakika kama 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Hakukuwa na kitu chochote cha kuhakikisha kwamba sava zote nane zina programu moja.

Kwa hiyo jenga mara moja tu. Msimbo ukiingia kwenye tawi kuu, mtambo wa GitLab au GitHub unatengeneza imeji ya kontena (kifurushi kimoja chenye programu na vyote inavyohitaji), unaipa jina la namba ya komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa), na kuiweka kwenye ghala la imeji. Imeji hiyohiyo, bila kuguswa, inapita mazingira ya majaribio, kisha inakwenda kwa wateja. Kinachobadilika ni mipangilio peke yake: anwani ya hifadhidata, funguo, sarafu. Usiipe jina la `latest`. Sava mbili zikivuta `latest` kwa saa tofauti zinaweza kupata vitu viwili tofauti, na siku ya kurudi nyuma hutakuwa na jina la kurudia.

Ndani ya Dockerfile, faili ya maelekezo ambayo Docker, programu ya kontena, hufuata kujenga imeji, nakili kwanza `package.json` na `package-lock.json`, endesha `npm ci`, ndipo unakili msimbo uliobaki. Ukianza na `COPY . .`, inayonakili kila kitu kwa pamoja, herufi moja ikibadilika maktaba zote zinapakuliwa upya. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, basi mpangilio huu wa mistari mitatu unaonekana hadi kwenye bili ya ofisi.

Dakika za bure za mitambo hiyo nazo zina mwisho. GitHub hutoa dakika 2,000 kwa mwezi kwa hifadhi za msimbo za siri katika mpango wa bure. GitLab hutoa 400. Timu ya watu 5, kila mmoja akisukuma msimbo mara 3 kwa siku kwa siku 20, inafikisha mizunguko 300 ya kujenga na kujaribu. Mzunguko ukichukua dakika 8, hizo ni dakika 2,400. Hapo ndipo mashine yako mwenyewe inapofaa: kompyuta ya kori 4 na RAM ya GB 8, iunganishwe na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) pamoja na ruta. Haihitaji anwani ya IP ya umma, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayotoka nje kuuliza kazi. Diski yake itajaa, hilo halina shaka, kwa hiyo kila wiki endesha `docker system prune -af --filter "until=168h"`. Na usiiunganishe kamwe na hifadhi iliyo wazi kwa umma: mgeni anaweza kutuma ombi la kuunganisha lenye amri zake, nazo zikaendeshwa ndani ya mtandao wa ofisi yako.

Kosa la 429 (umeomba mara nyingi mno) kutoka Docker Hub, ghala la imeji la umma, huwasumbua wengi bila wao kuelewa chanzo. Asiyejitambulisha huhesabiwa kwa anwani yake ya IP, na hapa ofisi nyingi zinaweza kutoka kwa anwani moja ya mtoa intaneti. Weka `docker login` mwanzoni mwa kazi.

Malipo ya simu yanataka uangalifu wa peke yake. Mazingira ya majaribio ya MTN MoMo hukubali sarafu ya EUR (yuro). Yale halisi ya Uganda hutaka UGX (shilingi ya Uganda), na kichwa cha ombi cha `X-Target-Environment` hubadilika kutoka `sandbox` kuwa `mtnuganda`. Sarafu ikiandikwa ndani ya msimbo, majaribio yote yatapita na malipo ya kwanza ya mteja yatagoma. Iweke kwenye mipangilio, kisha programu ikatae kuwaka kabisa ikiona `mtnuganda` pamoja na sarafu isiyo UGX. Afadhali toleo ligome mbele yako kuliko mbele ya mwenye duka katika soko la Owino.

Kuna hatari nyingine ndani ya kupeleka kwenyewe. Docker ikisimamisha kontena huitumia ishara ya SIGTERM, yaani ijifunge yenyewe, husubiri sekunde 10, kisha huiua. Ombi la malipo likiwa njiani wakati huo, jibu linapotea. Andika `X-Reference-Id`, namba ya kutambulisha ombi, kwenye hifadhidata kabla ya kutuma ombi. Programu ikiwaka tena, iulize hali ya namba hiyohiyo badala ya kuunda mpya, la sivyo mteja anaweza kukatwa mara mbili. Na jibu la 202 maana yake ombi limepokelewa. Pesa bado haijalipwa mpaka hali iwe `SUCCESSFUL`.

Kazi za usiku: cron ya GitHub, ratiba ya kazi za kujiendesha, kwa kawaida husoma UTC, saa iliyo nyuma ya Kampala kwa saa 3. Saa nane usiku Kampala ni `0 23 * * *`. Ukiandika `0 2`, kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri, wakati wateja wa kwanza wameshaamka.

Kurudisha imeji ya jana huchukua sekunde chache. Hifadhidata hairudi hivyo, na hapa ndipo timu nyingi hukwama. Ukibadilisha jina la safu ya jedwali katika toleo moja, imeji ya jana haitaiona tena. Tumia matoleo matatu: la kwanza linaongeza safu mpya, na programu inaandika kotekote huku ikisoma ya zamani, kisha unahamisha data iliyobaki, na la pili linasoma mpya tu lakini bado linaandika zote mbili, la tatu linaacha kuigusa ya zamani. Safu ya zamani ifutwe baada ya toleo la tatu kutulia. Kwa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata, weka `SET lock_timeout = '3s'` kabla ya `ALTER TABLE`, amri ya kubadilisha jedwali, ili amri ishindwe mapema badala ya kuwapanga wateja wote foleni nyuma yake. Faharasa, inayoharakisha utafutaji, itengenezwe kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, nje ya muamala (kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja), maana ndani yake PostgreSQL hukataa. Ikikatika njiani huacha faharasa mbovu. Ifute kwanza, ndipo ujaribu tena.