Pete zilizokuwa zikitoka na mikwaruzo

Miezi mitatu nililaumu madini ya fedha. Kila pete niliyotengeneza hapa Mikindani ilibaki na mkwaruzo mrefu ndani, msasa hauutoi, na mteja mmoja akanirudishia pete akisema inamkuna kidole.

Fundi mzee wa Mtwara mjini, nikamwonyesha. Hakuitazama pete. "Lete tupa, mwanangu." Nikampa tupa yangu, kile chuma chenye meno cha kusugulia pete. Akafunga jicho moja, akaipangilia na mwanga wa dirisha kama mtu anayelenga bunduki: imepinda. Meno karibu na ncha yamevunjika, na katikati ya meno mna vijipande vya fedha vimeganda. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikichora.

Ilitoka kwenye seti ya tupa kumi za bei ya kutupa (ndiyo, nimecheka pia). Nikanunua moja tu, ya nusu duara, namba 2. Kwenye tupa za aina ya Uswisi namba ikipanda, meno yanazidi kuwa laini; namba 0 ni ya kula chuma haraka, namba 4 ya kumalizia. Kabla ya kulipa nilikagua unyoofu, na meno yaliyo sawa mpaka ukingoni.

Sasa nasukuma mbele tu, kurudi nainyanyua. Napaka chaki ili vumbi lisigande. Tupa iliyogusa risasi (ile metali laini, si ya bunduki) haiji karibu na fedha, maana chembe ya risasi ikipata moto hutoboa pete. Na kwa chumvi ya pwani hii, kila moja inalala kwenye kitambaa chake.