Kutoka Kariakoo hadi Goba: mji unavyopoteza njia zake

Kariakoo ina msongamano mkubwa, lakini si rahisi kukosa pa kupita. Mtaa wa Kongo ukijaa wamachinga na wateja, unakata kona ukapitia Nyamwezi au Sikukuu, na bado unafika ulikokuwa unakwenda, kwa sababu mitaa ile ilinyooshwa kwenye ramani kwanza, nyumba zikafuata.

Dar es Salaam ilipotanuka, utaratibu huo uligeuka. Mji ulifuata barabara nne kuu, za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, na watu wakajaza maeneo ya katikati kila mmoja kwa nafasi aliyoipata. Sinza, ambayo viwanja vyake vilipimwa katika miaka ya 1970, ina njia nyingi za kuingilia na kutokea. Manzese, ambako nyumba nyingi zilitangulia vipimo, ina vichochoro tele kwa mwenye miguu, lakini gari la zimamoto linapata shida kuwafikia watu.

Huku pembezoni ninakoishi, Goba, hata vichochoro vinatoweka. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na njia nyembamba iliyopita kando ya shamba la mihogo na chini ya mwembe, ambayo watoto waliitumia kwenda shule. Shamba likauzwa, mnunuzi akajenga ukuta wa tofali hadi kwenye bikoni zake, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na simlaumu, kwa kuwa njia ile haikuwa kwenye ramani yoyote. Sasa watoto wanazunguka hadi barabara ya lami, wakipishana na bodaboda na malori ya mchanga.

Barabara za kuunganisha zimejengwa, nazo zimesaidia sana: Mandela na Sam Nujoma zinakatiza zile kuu, na lami ya kutoka Mbezi Luisi kupitia Goba hadi Tangi Bovu imetuondolea safari ya kuzungukia Ubungo na Mwenge. Hata hivyo, barabara kubwa haiwezi kufanya kazi ya kichochoro. Inapobaki peke yake, kila anayekwenda dukani, zahanati au msikitini analazimika kuipitia.

Mtaani kwetu bado vimebaki vichochoro vitatu. Ombi langu kwa serikali ya mtaa ni kwamba vipimwe na kuwekewa alama sasa, wakati viwanja vinavyopakana navyo bado ni mashamba, kwa sababu ukuta ukishasimama, njia hupatikana kwa fidia na kubomoleana tu.